Re: Kushika sala ya kila siku ukiwa na zamu za usiku

Kutoka: Leeds, Uingereza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Dada uliyeuliza namna ya kushika sala ya kila siku ukiwa na zamu za usiku, usifunge sala na saa. Nyumbani Afrika Mashariki alfajiri haihami sana. Hapa Desemba jua linachomoza saa 2 na kitu asubuhi, Juni saa 10 na nusu hivi, na zamu nayo inageuka kila wiki. Ifunge na jambo unalolifanya kila siku: ukishavua sare, kabla hujagusa chakula. Dakika 10 zinatosha kuanzia: Zaburi moja, kimya kidogo, majina matatu manne ya kuombea, Sala ya Bwana. Wanaoanza na saa nzima huacha mapema, maana siku ya kwanza ya uchovu ikikatika, kesho yake wanaona aibu kurudi.

Ukitoka zamu ya usiku usifanyie sala kitandani. Utasinzia kabla ya "utupe leo riziki yetu". Kaa kwenye kiti, miguu sakafuni, na midomo itembee. Sala ya moyoni tupu huzama usingizini. Ila sauti iwe ya chini, kuta za fleti ni nyembamba na jirani naye ana zamu yake.

Kutoka: Birmingham

Tumsifu Yesu Kristo. Naongeza kuhusu kazini. Kwa sheria ya Uingereza, mtu mzima anayefanya kazi zaidi ya saa 6 kwa siku ana haki ya mapumziko ya dakika 20 bila kukatizwa. Rozari nzima na chakula havienei humo. Fungu moja kati ya matano, la Salamu Maria kumi, linaenea, ni dakika 3 au 4. Mengine manne yagawe kwenye basi la kwenda na la kurudi. Asiyesali rozari achukue Zaburi ya 119: aya 176, vipande 22 vya aya nane nane, kipande kimoja kwa siku. Beba Biblia ndogo ya karatasi. Ukifungua simu kusoma, ujumbe unakupokea kabla ya Neno.

Kutoka: Minneapolis, Marekani

Shalom. Kwa mnaosali na nyumbani kwa simu: saa 11 alfajiri ya Dar es Salaam majira ya baridi ni saa 2 usiku hapa, tena siku ya nyuma yake, na Uingereza ni saa 8 usiku wa manane. Kwa saa hizo mtu wa zamu hadumu. Liombeni kundi la sala lihamie saa 3 usiku ya Dar: Uingereza saa 12 jioni, hapa saa 6 mchana.

Kinachovuruga ni kubadilisha saa, yaani kuisogeza mbele au nyuma kwa saa moja. Afrika Mashariki hawabadilishi. Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Katikati hapo watu hupishana kwa saa nzima na kudhani wenzao wamelegea. Tangazo liandikwe kwa saa ya Dar peke yake, na jina la siku litajwe.