Miezi 14 ya kusubiri, jibu sentensi moja: serikali inautaka utafiti wa sera au haiutaki?

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Na wasimamizi, tafadhali msiuunganishe na ule wa mikopo ya wanafunzi, hili ni jambo jingine kabisa.

Nafundisha chuo kimoja hapa Moshi. Chuo sikitaji, mfuko wa umma tuliouomba hela ya utafiti siutaji, na halmashauri nitakayoisema huko chini siitaji pia, kwa sababu andiko la kuomba hela hiyo tuliliandika watu wanne na wenzangu hawajanituma kuwasemea. Haya ni yangu.

Mtakumbuka Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo ya asilimia 10, ile ambayo kila halmashauri inatenga kutoka mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Tangu 2018 siyo hisani tena, ni sheria, imo kwenye kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Ikasimamishwa kwa sababu ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zilikuwa zinarudia wimbo ule ule kila mwaka: mabilioni hayajarejeshwa, vikundi hewa, vikundi vilivyopata hela vikayeyuka. Serikali ikasema inatafuta utaratibu mzuri zaidi. Sawa kabisa. Sisi tukasema, basi hapa ndipo kazi yetu ilipo.

Swali letu lilikuwa dogo na la wazi. Kwa nini kwenye mtaa mmoja kikundi kimoja kinarejesha mpaka shilingi ya mwisho, na kingine chenye watu wa aina ile ile kinasambaratika mwezi wa nne tangu kipate hela? CAG anakuambia hela haijarudi. Kukuambia kwa nini haijarudi siyo kazi yake, ni kazi ya mtu atakayekaa na hao watu.

Kabla hata ya kuandika chochote nilienda soko la Mbuyuni kuonana na mama mmoja, mweka hazina wa kikundi chao cha nafaka. Akatoa kaunta buku kutoka chini ya mizani, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila ukurasa majina kumi, mbele ya kila jina kiasi na alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Kurasa tatu za mwanzo zimejaa. Ya nne ina matundu. Ya tano majina mawili yamekatwa kwa rula, pembeni kaandika "kahamia Himo". Nikamuuliza, mama, hapa katikati palitokea nini? Akaniambia, "Mwalimu, hela ilitoka Machi. Machi mahindi yako juu, hakuna mwenye akili ananunua kuweka stoo. Sisi tunanunua Agosti. Hela ikakaa mikononi mwa watu wenye watoto, marejesho yakaanza kudaiwa hata mahindi hayajavunwa."

Hilo ni jambo ambalo halmashauri inaweza kulirekebisha kwa kubadilisha mwezi wa kutoa hela. Bila gharama yoyote. Lakini kauli ya mama mmoja siyo ushahidi. Inabidi uende kwenye vikundi vingi, Moshi mjini, Hai, Rombo, Same, usome madaftari, ulinganishe na kumbukumbu za ofisi. Ndiyo hela tuliyokuwa tunaiomba, na ilikuwa ndogo: nauli na posho za wanafunzi wa kukusanya data, hayo tu. Hatukuomba hata kompyuta.

Dirisha la maombi likafunguliwa Septemba 2023, siku 21. Na tangazo lenyewe lilitaja utafiti wa sera kama kipaumbele, kwa maandishi. Fungua sasa fomu. Kipengele cha sita: "Eleza bidhaa au teknolojia itakayotokana na mradi." Cha saba: kiwango cha utayari wa teknolojia, chagua namba 1 hadi 9. Kina kinyota chekundu, usipochagua mfumo haukuruhusu kwenda mbele. Jamani, kipimo hicho kinahusu mashine: iko kwenye karatasi, iko maabara, imejaribiwa shambani, iko tayari kuuzwa. Utafiti wa kujua kwa nini vikundi havirejeshi mkopo una namba ngapi hapo? Nikapiga simu kuuliza. Dada wa watu akaniambia kwa upole, "weka yoyote tu." Tukaweka 1. Mpaka leo sijui kama ndiyo iliyotuangusha.

Lakini kilichonichoma zaidi ni barua. Masharti yanataka barua ya kuungwa mkono kutoka taasisi ya umma "itakayotumia matokeo". Kwa utafiti wetu taasisi hiyo ni halmashauri, na ndani ya halmashauri ni wale wale walioitoa mikopo. Yaani ili nichunguze kazi ya ofisi kwa hela ya umma, lazima ofisi hiyo iniandikie kwamba inapenda nichunguze.

Nilienda mara saba, nimeandika tarehe zote. Mara ya kwanza barua yangu ikapokelewa masijala, ikagongwa muhuri. Ya pili, faili limepanda. Ya tatu, mkurugenzi yuko Dodoma. Ya nne, kaimu yupo ila hawezi kusaini jambo la utafiti. Ya tano, faili halionekani, leta nakala. Ya sita ndipo afisa mmoja akanifungia mlango akasema ukweli, na namheshimu kwa hilo: "Mwalimu, wewe mwenyewe unajua mikopo hii ina kesi. Ukiandika vibaya nani ataitwa kujieleza?" Ya saba nikapata aya moja yenye sahihi, siku mbili kabla dirisha halijafungwa. Siku ya mwisho mfumo ukawa unagoma kupokea viambatisho, nikahangaika kwenye steshenari ya karibu na stendi mpaka jamaa akataka kufunga. Andiko liliingia saa 5:41 usiku.

Halafu kimya. Januari tukaandika barua pepe, hakuna. Machi, hakuna. Mei nikapiga, nikaambiwa maandiko yako kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaoyasoma na kuyapa alama. Julai 2024 mikopo ikarudishwa kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikaambiwa zipitishie benki. Sisi bado tunasubiri kuruhusiwa kuuliza ule wa zamani ulikwama wapi. Desemba 2024 ndipo jibu likaja, nalinukuu lote: "Tunakujulisha kuwa andiko lako halikufanikiwa kupata ufadhili katika awamu hii." Mwisho. Hakuna alama, hakuna maoni ya mpitiaji hata mmoja, na jina la mtafiti mkuu wamelikosea.

Kukataliwa siyo kosa. Mimi nakataa kazi za wanafunzi kila muhula. Ila mwanafunzi nikimpa C namwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu mbinu yako ya sampuli ina tatizo, sura ya pili haijibu swali. Nisipofanya hivyo ananipeleka kwa mkuu wa idara, na ana haki. Inakuwaje watu wazima wenye shahada za uzamivu wakae na andiko la kurasa 22 kwa miezi 14 wasiwe na mstari mmoja wa kusema?

Tusiambiwe hela hakuna halafu ndiyo iwe sababu ya kila kitu. Januari 2006 kule Khartoum nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na sisi tulikuwemo. Hata hivyo, kuandika maoni ya mpitiaji hakuhitaji asilimia yoyote. Yameshaandikwa, yamo kwenye mfumo wao, ni kuyatuma tu. Wasipoyatuma, mwakani tutarudia makosa yale yale kama yalikuwepo, au tutaenda kwa mfadhili wa nje anayekuja na swali lake mkononi, na la mama wa Mbuyuni halimo.

Wiki iliyopita nilipita pale sokoni. Kikundi kimeomba tena kwa utaratibu mpya. Akaniuliza, "Mwalimu, safari hii wametuambia hela itatoka mwezi gani?" Sikuwa na jibu.

Sasa naomba msaada kwa mlioko vyuoni, Arusha, Dodoma, Mwanza, popote. Kuna yeyote aliyewahi kupata maoni ya wapitiaji baada ya kukataliwa? Ulimwandikia nani, kwa cheo gani, na walichukua muda gani kujibu? Barua yangu ya kudai iko tayari, Jumatatu naituma kwa EMS ya posta. Kama kuna njia nyingine inayofanya kazi, nielekezeni kabla ya hapo.