Tulilipia kozi kamili ya kuzamia Nungwi, tukapewa ya kuonja na mume wangu karudi na sikio bovu

Wakuu habari zenu. Nimekaa na hili jambo wiki nzima nikidhani hasira zitapoa lakini wapi, kila nikimuona mume wangu anageuza kichwa ili anisikie kwa sikio la kulia roho inaniuma upya, basi leo naandika yote.

Mwaka mzima tumeweka kibubu. Tulitaka tukitimiza miaka mitano ya ndoa twende Unguja tukasome kuzamia kwa mitungi mpaka tupate kadi, maana ukishakuwa na kadi unaenda hata Mafia au Pemba unaonyesha tu unapandishwa boti. Mimi nimekulia Tanga, bahari naiona tangu nazaliwa ila sijawahi kujua chini kukoje, na kila siku naona wageni wanatoka huko mbali wanakuja kuyaona matumbawe yetu. Nikasema na sisi twende.

Kabla ya kutuma hela nilimpigia yule wa ofisini mara tatu. Nikamuuliza wazi, hii ni kozi kamili? Akasema ndiyo dada, kozi kamili, mkimaliza mnapewa kadi. Tukatuma 2,400,000 ya watu wawili.

Alhamisi tumevuka na boti, tumefika Nungwi jioni. Ijumaa tumekaa pale kibarazani kwao kuanzia asubuhi mpaka mchana, mwalimu yuko kisiwani Mnemba na wageni, subirini. Saa nane tukawekewa video ya kama dakika ishirini, tukaambiwa hiyo ndo darasa, kesho tunaingia baharini. Hakuna kitabu, hakuna mtihani, hakuna bwawa la kufanyia mazoezi. Hakuna hata mtu aliyetuuliza kama tunajua kuogelea!! Na kozi ya kweli kwa utaratibu wa PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, unatakiwa uogelee mita 200, uelee dakika 10 bila kushika kitu, ufanye mazoezi kwenye maji tulivu ya kuvua maski na kuivaa tena, kutoa maji yaliyoingia ndani yake, kurudisha mdomoni bomba la hewa likichomoka, halafu ndio mbizi 4 za baharini na kina kisizidi mita 18. Siku tatu nne hizo. Haya yote nimekuja kuyasoma baadaye, ningeyajua mapema ningeondoka siku ileile na hela zangu.

Sasa kilichoniumiza zaidi ni ile fomu ya afya. Ya Kiingereza mwanzo mwisho, inauliza pumu, moyo, kifafa, masikio, upasuaji. Mume wangu alikuwa na pumu utotoni na alisema, hakuficha. Ukisema hivyo unatakiwa upitie kwa daktari kwanza akusainie, maana hewa ikinasa kwenye pafu wakati unapanda juu inatanuka na pafu linaweza kupasuka, mtu anakufa. Unajua alijibiwaje? "Kaka weka hapana zote, boti inaondoka." Na sisi kwa uchu wa bahari tukaweka hapana zote. Hapo nimejilaumu sana lakini yeye ndiye mwalimu jamani, yeye ndiye anayejua!

Kwenye boti tulikuwa wanafunzi saba, mwalimu mmoja. Hata hiyo ya kuonja tu baharini hawatakiwi kuzidi wanne kwa mwalimu mmoja. Wageni wakavalishwa kwanza, sisi tukapewa vilivyobaki, suti yangu imechanika kwapani na maski ya mume wangu inavuja. Tukaingia. Kufika kama mita nne tano hivi mume wangu anaonyesha sikio, anaonyesha mkono kwamba kuna tatizo, ile ishara tulifundishwa kwenye video. Sikio likigoma unapanda kidogo, unabana pua unapuliza taratibu mpaka lizibuke, hulazimishi, kwa sababu ukifika mita 10 tu mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Yule mwalimu alimshika koti akamvuta chini. Nimeona kwa macho yangu. Tulipotoka maski ya mume wangu ilikuwa na damu ya puani, mwalimu akasema kawaida hiyo, na baada ya mapumziko akamrudisha tena majini mara ya pili!

Mimi nikabaki kwenye boti nalia. Kijana mmoja wa boti, Mungu ambariki, akaniletea maji akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada'angu, nyie hamfanyi kozi, hii ya kujaribu tu, kadi hamtopata."

Ndo nikajua tumeibiwa.

Na bado. Tumetoka majini saa tisa alasiri, ndege ya kurudi Dar saa moja asubuhi na wao wanajua, tuliwaambia tangu siku ya kwanza. Hesabu mwenyewe, masaa 16. Ukizamia zaidi ya mara moja unashauriwa usubiri angalau masaa 18 ndio upande ndege, kwa sababu ya ile gesi ya naitrojeni inayobaki mwilini, inaweza kukudhuru ukiwa angani. Hawakusema neno. Tulipona tu kwa sababu usiku sikio lilizidi nikagoma kwenda uwanja wa ndege, tukarudi na boti ya mchana, tiketi za ndege zikaungua. Daktari Dar kaangalia akasema ngoma ya sikio imeumia, kampa dawa, kamkataza maji na ndege mpaka amuone tena.

Nimewapigia wanirudishie hela. Jibu lao: "mlizamia au hamkuzamia?" Halafu wakaniblok.

Wakuu naomba wenye uzoefu, malalamiko kama haya unaanzia Kamisheni ya Utalii Zanzibar au polisi? Risiti ninayo, imeandikwa kozi kamili kwa herufi kubwa, meseji zote ninazo. Na kama una ndugu anataka kwenda kusomea hii kitu mwambie aombe namba ya usajili ya mwalimu (sio ya simu) aihakiki mtandaoni kabla hajatuma hata mia, na akiona anaambiwa aweke hapana zote kwenye fomu ya afya ashuke kwenye hiyo boti.