Majibu ya Kinyama cha Shangazi

Baba Mkubwa: Habari za asubuhi, wanafamilia. Majibu ya kinyama alichotolewa dada yangu kwenye titi yametoka jana, na picha yake nimeituma hapo juu. Kilichoninyima usingizi ni mstari ulioandikwa ER 90%. Je, ugonjwa umekwisha kumla kwa kiasi hicho?

Rehema: Shikamoo, Baba Mkubwa. Hapana, asilimia hiyo haipimi kuenea kwa ugonjwa. Inaeleza kwamba katika kila chembe 100 za saratani zilizotazamwa kwenye darubini, 90 hivi zina vipokezi vya homoni ya estrojeni, ambayo hujishikiza hapo na kuuchochea uvimbe ukue. Kwa hiyo dawa inayoviziba vipokezi hivyo, kama vile vidonge vya tamoksifeni, ina nafasi nzuri ya kumsaidia. Hata asilimia 1 huhesabiwa kuwa chanya, ingawa ikiwa ndogo hivyo matumaini ya dawa hizo huwa madogo pia. Mimi niliposoma 90 nilishukuru.

Baba Mkubwa: Marahaba, mwanangu. Umenishusha presha.

Mama Mdogo: Na hapo kwenye HER2 wameandika 2+. Jirani yangu wa huku Nkuhungu alikuwa na 3+, naye akaanzishiwa dripu za trastuzumabu. Mbona Shangazi yenu hakuandikiwa?

Rehema: Mama Mdogo, HER2 ni protini iliyo juu ya chembe, ambayo ikizidi huuchochea uvimbe ukue, na trastuzumabu ndiyo dawa inayoilenga. Alama ya 3+ ni chanya isiyo na ubishi, na 0 au 1+ huhesabiwa hasi kwa dawa hiyo, lakini 2+ imekaa katikati na peke yake haitoshi kumpa dawa wala kumnyima. Kinachofuata ni kipimo kingine kinachohesabu nakala za jeni ya HER2 ndani ya chembe. Hachomwi sindano upya, kwa sababu kinyama kilekile kimehifadhiwa maabara ndani ya kipande cha nta, na ndicho kitakachokatwa vipande vyembamba vya kupimwa, hata ikibidi kisafirishwe Dar es Salaam. Dawa yenyewe ni ghali na inaweza kuudhoofisha moyo, ndiyo maana haitolewi kwa kubahatisha.

Kaka Juma: Kwani asianze vidonge wakati tunasubiri?

Rehema: Kaka, hilo aamue daktari wa saratani, kwa kuwa mpangilio wa upasuaji, dripu na vidonge hutegemea pia ukubwa wa uvimbe na hali ya tezi za kwapani. Tumuulize pia kinyama kilikaa kwenye fomalini, yaani dawa ya maji ya kukihifadhi kisioze, kwa saa ngapi, maana kikicheleweshwa kutiwa humo, au kikizidisha saa 72, vipokezi vinaweza kusomeka hasi ilhali vipo. Kwa Shangazi ER imesomeka vizuri, lakini picha imekatika chini, na PR (vipokezi vya homoni ya projesteroni) na Ki-67 (kipimo cha kasi ya chembe kugawanyika) sizioni.

Baba Mkubwa: Ukurasa wa pili anao mwenyewe, pamoja na kadi ya bima. Nitaupitia nikitoka sokoni Majengo, niutume kabla ya kliniki ya Jumatatu.