Naomba ushauri: mteja amenunua spika ya sauti, anataka kunipunguzia saa za kazi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Niko Uyole, Mbeya. Tangu mwaka jana namsaidia kazi kwa njia ya mtandao mama mmoja wa London anayeuza nguo: najibu barua pepe za wateja wake, napanga miadi, nafuatilia ankara. Ananilipa kwa saa, saa 4 kwa siku. Kwao kukiwa baridi naanza saa 6 mchana, kiangazi saa 5, kwa hiyo asubuhi nawahi shamba la viazi.

Sasa amenunua spika ya kuamrisha kwa sauti. Kalenda na vikumbusho anaiambia yenyewe, na anataka nibaki na saa 2 tu. Nimemweleza kwamba juzi ilimpangia kikao na fundi wa Nairobi kwa saa za London, fundi wa watu akasubiri saa 3 nzima, na mimi ndiye niliyeomba radhi. Kosa amelikubali, msimamo haujabadilika. Kazi hii ndiyo inayomlipia mdogo wangu ada, siwezi kuiacha kwa hasira.

Nikubali hizo saa 2, au nimwombe malipo ya mwezi kwa kazi ambazo spika haiziwezi, hasa kutuliza wateja wenye malalamiko? Na mliowahi kuandikiana mkataba na mteja wa nje, mliweka notisi ya siku ngapi kabla ya kupunguza saa? Sisi tulikubaliana kwa WhatsApp tu.

Ahsanteni sana.