Nakala za programu za sauti zinatuongezea kazi, kisha tunalipwa nusu

Wanajamvi, nafungua uzi huu kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Kazi yangu hapa Kisumu ni unukuzi: watafiti wa kilimo, afya na uvuvi huniletea rekodi za mahojiano na mikutano ya vijijini, nami huziandika neno kwa neno ili wapate kuzichambua. Siku hizi mteja haleti rekodi peke yake. Huambatisha nakala iliyokwisha kuandikwa na programu ya kutambua sauti, akasema kwamba kilichobaki ni kurekebisha kidogo tu, na kwa kuwa ni kurekebisha kidogo tu, malipo yanashuka hadi nusu ya bei tuliyoizoea. Nasema waziwazi kwamba kwa Kiswahili kinachozungumzwa huku kwetu nakala hizo hazipunguzi kazi bali huiongeza, na anayezitumia kama kisingizio cha kutukata malipo anatudhulumu.

Katika rekodi moja ya hivi karibuni, mama mmoja anayelima mpunga katika uwanda wa Kano alisema: "Mwaka jana hatukupata maji ya mfereji kwa wakati." Programu, ambayo sitaitaja jina, ikaandika: "Mwaka jana tukapata maji ya mfereji kwa wakati." Isomeni tena sentensi hiyo ya pili. Tahajia yake ni safi, sarufi yake haina doa, na mtu anayeisoma bila kusikiliza rekodi ataipitisha bila kusita. Hata hivyo, malalamiko ya mkulima yamegeuzwa kuwa ushahidi kwamba mambo yalikwenda sawa. Kilichopotea ni silabi ya kwanza, ambayo mama yule aliitamka kwa sauti ya chini huku kuku wakilia nyuma yake, pamoja na irabu moja tu iliyobadilika katikati ya kitenzi.

Usahihi wa programu hizi hupimwa kwa kuhesabu maneno yaliyokosewa. Kwa hesabu hiyo, sentensi niliyoitaja ina kosa 1 katika maneno 8, yaani sehemu kubwa iko sawa. Hesabu hiyo haitufai, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na ukanushi ndani ya neno moja, na silabi zinazobeba mambo hayo ni fupi na huzungumzwa haraka. Mashine inapozikosa haiachi pengo wala alama ya kuuliza. Hujaza neno jingine linalokubalika kisarufi na kuendelea. Kosa lenye sura ya kosa hurekebishwa kwa sekunde chache. Kosa lenye sura ya ukweli halipatikani mpaka usikilize rekodi yote tangu mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo unapojiuliza nusu ya kazi iliyopunguzwa ni ipi.

Majina ya mahali nayo ni balaa. Mhojiwa anasema anatoka Awasi, nakala inasema ana wasiwasi. Majina yenye ng' karibu yote huharibika, na huku kwetu majina hayo hayahesabiki. Tena watu wa hapa hawazungumzi lugha moja kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho wake: mvuvi wa Dunga huanza kwa Kiswahili, akaingiza Dholuo, lugha ya Wajaluo, anapotaja samaki, nyavu au upepo, akamalizia kwa Kiingereza alichokisikia kwa maafisa wa uvuvi. Programu iliyoambiwa kwamba rekodi ni ya Kiswahili huyalazimisha maneno yote hayo yawe ya Kiswahili, na matokeo yake ni aya nzima ambazo mvuvi mwenyewe akisomewa hatajua nani aliyezisema.

Hali hii haikutokea kwa bahati mbaya. Kampuni ya OpenAI ilipotoa Whisper, programu yake ya kutambua sauti, mwaka 2022, ilieleza kwamba programu hiyo ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, takribani saa 438,000 zilikuwa za Kiingereza, ilhali lugha nyingine 96 kwa pamoja, Kiswahili kikiwamo, ziligawana saa 117,000. Dholuo haimo kabisa. Watafiti nchini Marekani waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2024 waligundua kwamba katika karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyoipa, Whisper ilitunga virai au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema, hasa kwa wasemaji wenye vituo virefu vya kunyamaza. Na sauti hizo zilikuwa za Kiingereza, lugha iliyochukua sehemu kubwa kuliko zote katika mafunzo yake. Wazee wetu hunyamaza sana kabla ya kujibu swali zito.

Sikatai kwamba zipo kazi zinazofaa. Dragon NaturallySpeaking ilipoingia sokoni mwaka 1997, ilikusudiwa mtu mmoja anayezungumza mwenyewe kwenye maikrofoni iliyo karibu na mdomo, akiizoesha sauti yake na kusahihisha papo hapo. Wakili anayeandika barua zake kwa imla, au mtu ambaye mikono yake haiwezi tena kibodi, ana kila sababu ya kuitumia programu ya namna hiyo. Hata ujumbe mfupi wa simu, tangu Google ilipoongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017, sina ugomvi nao. Msemaji yupo na anajua alichokusudia. Mimi sikuwapo shambani, na mama yule hayupo mezani kwangu nimuulize.

Lipo pia suala la siri, nami naliona zito. Nyingi ya programu hizi hutuma sauti kwenye seva za nje ya nchi. Mgonjwa aliyekubali kuhojiwa aliahidiwa kwamba maneno yake yatabaki kwa watafiti. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu mwaka 2019, lakini sijaona mteja hata mmoja aliyeonyesha kwamba wahojiwa waliarifiwa kuhusu safari hiyo ya sauti zao.

Kwa hiyo nawaomba wanukuzi wenzangu wa Kisumu, Kakamega, Kisii na Nakuru tukubaliane jambo moja. Mteja akileta nakala ya mashine, tumwombe rekodi peke yake, tuinukuu upya kwa bei kamili ya kila dakika ya sauti, na nakala yake tumrudishie ilivyo. Asiyekubali, na atie sahihi kwamba ripoti yake imetokana na nakala ambayo hakuna binadamu aliyeilinganisha na sauti. Wenye programu iliyowahi kuandika kwa usahihi mkutano wa kijijini wenye Kiswahili na Dholuo, uliorekodiwa kwa simu ya kawaida, wekeni jina lake hapa pamoja na dakika kumi za nakala ambayo haijaguswa, nami nitaisikiliza rekodi yote na kuwajibu.