Programu ya wavuti kwa waendesha pikipiki za theluji: GPS na ramani bila mtandao

KijanaNkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, nina kazi ya mteja wa Quebec, Kanada: programu ya wavuti ya kwenye simu kwa waendesha pikipiki za theluji. Ionyeshe njia hata pasipo mtandao, irekodi safari na kutoa faili la GPX (orodha ya nukta za njia). Yananisumbua matatu: GPS inakubali kwenye laptop, kwenye simu inakataa, rekodi inakatika skrini ikizima, na umbali wa safari za Saguenay, huko huko Quebec, unazidi, ilhali za hapa Dodoma zinatoka sawasawa. Napiga hesabu kwa digrii moja = kilomita 111.

RamaniHuru
Mkuu, hilo la umbali ndilo zito, maana Dodoma inakuficha kosa. Hapa tupo latitudo ya digrii 6 kusini, digrii moja ya longitudo ni karibu kilomita 110.7. Saguenay ipo digrii 48 kaskazini, mistari ya longitudo imeshakaribiana, digrii moja imebaki kilomita 74 hivi. Safari ya kilomita 100 kwenda mashariki itasomeka 150. Ya kaskazini-kusini itatoka sawa, ndiyo maana kosa linaonekana la kubahatisha. Tumia fomula ya haversine, inayopima umbali juu ya tufe, na tupa kila nukta yenye `accuracy` (kadirio la kosa la GPS) inayozidi mita 30. La sivyo hata simu iliyosimama itajiongezea umbali.

Ramani ina mtego huohuo. Eneo la kilomita 100 kwa 100, zumu (kiwango cha ukuzaji) ya 14, hapa linakula vigae, yaani vipande vya mraba vya ramani, 1,700 hivi. Saguenay 3,800, kwa sababu kigae kimoja kule kinafunika kilomita 1.6 badala ya 2.4. Kila zumu inazidisha mara nne, kwa hiyo ukifika 16 una vigae 60,000. Usithubutu kuvipakua kwenye seva za OpenStreetMap, ile ramani huria, hawaruhusu kuchota kwa jumla, watakufungia. Kata vigae vya vekta (mistari na maumbo, si picha) vya eneo hilo tu, viweke kwenye faili moja la PMTiles katika seva yako, simu ilihifadhi kabla ya safari, uonyeshe kwa MapLibre, maktaba ya kuchora ramani. Ishia zumu ya 14, zinazofuata inazichora yenyewe kutoka hapo.

DadaZuzu
Kaka, GPS inakataa kwa sababu simu unaifungulia anwani ya `http://192.168...`. Brauza zinataka HTTPS kwa GPS na kwa sevisi woka, ile hati inayowezesha programu kufunguka bila mtandao. `Localhost` pekee ndiyo imesamehewa. Unganisha simu kwa waya wa USB, fungua `chrome://inspect` kwenye laptop, elekeza mlango (port) wa laptop kwenye simu, kisha kwenye simu andika `localhost`.

Skrini ikizima, ukurasa unasimamishwa na `watchPosition`, inayofuatilia GPS, inakufa nao. Omba `navigator.wakeLock.request('screen')` ili skrini isizime, na uiombe upya kila `visibilitychange` (ukurasa ukirudi kuonekana), maana mtu akipokea simu inaachiliwa. Mwambie mteja wazi: kurekodi huku skrini imezimwa kunahitaji programu ya kusakinishwa, si wavuti.

Kila nukta iandike papo hapo kwenye IndexedDB, hifadhi ya ndani ya brauza, usingoje safari iishe. Baridi ikikaza, betri ya lithiamu huzima ghafla hata ikionyesha chaji ipo. Na kwenye iPhone, Safari hufuta data ya tovuti ambayo mtumiaji hajaigusa kwa siku 7 za kutumia brauza hiyo. Atakayeruka wikendi moja anaweza kukuta ramani haipo. Waelekeze waiongeze programu kwenye skrini ya mwanzo, hapo kanuni hiyo ya siku 7 haiihusu.

KijanaNkuhungu
Asante sana dada, asante mkuu. Sasa huku bila theluji naijaribuje?

RamaniHuru
Mezani: Chrome, zana za wasanidi, paneli ya Sensors inayoigiza mahali, weka 48.43 na -71.07, ndiyo Saguenay. Alama ya kutoa iko kwenye longitudo. Hapa kwetu iko kwenye latitudo, kwa hiyo msimbo uliozigeuza utaumbuka haraka. Saa zote za rekodi hifadhi kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), kule saa hubadilishwa Machi na Novemba.

Uwanjani: panda boda barabara ya kuelekea Hombolo, simu iwe hali ya ndege. GPS itafanya kazi, ila nukta ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa. `Timeout` (muda wa kungoja) ya sekunde 10 haitoshi. Vaa glavu nene ujaribu vitufe: piseli 80 kwenda juu, na cha kusimamisha rekodi kishikiliwe sekunde 2 ili kisijibonyeze mfukoni.

Baridi yenyewe Dodoma huipati. Mpe mteja toleo la majaribio Januari, njia zikiwa bado wazi.