Mrejesho: Lavenham tumefika, mimi na mama

Wapendwa, niliuliza kama naweza kumpeleka mama Lavenham, ule mji wa kale wa soko kule Suffolk, kutokea London bila gari, na magoti yake yanamsumbua. Tumeenda na tumerudi salama. Asanteni sana mlionijibu.

Tulipanda treni Liverpool Street, tukabadilisha Marks Tey, tukashuka Sudbury, mwisho wa reli. Kutoka hapo ni basi, maana Lavenham haina stesheni. Hakikisheni saa ya basi la kurudi mapema. Barabara zina mteremko, tukawa tunapumzika kila mara.

Mama alisimama muda mrefu mbele ya nyumba moja iliyoinama, akapapasa boriti ya mwaloni iliyopauka, vipande vimeshikwa kwa vigingi vya mti. Nilipomwambia katikati ya boriti ni fito zilizokandikwa udongo, alishika mdomo: "Mwanangu, kumbe ni kama ya bibi yako Muheza!" Hapo ndipo safari ilinilipa.

Mwaka 1524 mji huu ulikuwa wa 14 kwa utajiri Uingereza, kwa kitambaa chao cha sufu cha buluu. Biashara ilipoanguka, watu hawakuwa na fedha za kujenga upya, ndiyo maana nyumba zimebaki. Ukumbi wa chama cha kidini cha matajiri wa mji (Guildhall), kwenye uwanja wa soko, ni wa mwaka 1530 hivi. Kanisani tuliingia pia. Mnara wake una mita 43, na mama akakaa ndani ya kanisa akasali.